Usilibadilishe jina faili kabla hujalichungulia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu ushauri unaotolewa kila siku kwenye stesheneri na kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba faili likikataa kufunguka, libadilishe jina liishie na .pdf au .doc, kisha ujaribu tena. Wengine humtuma mwenye shida akatafute mtandaoni programu ya "kufungua DAT", yaani mafaili ambayo jina lake huishia na .dat. Ushauri wa kwanza husaidia mara chache. Wa pili humwachia mtu kompyuta iliyojaa matangazo, na faili lake bado limefungwa vilevile.

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili huitwa kiendelezi. Mafundi wengi husema ekstensheni. Kazi yake ni ya karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Anayeibandika ni programu iliyotengeneza faili, au aliyelituma, au mtu aliyebahatisha jana usiku. Na jiko gani la kwetu halina kopo la Blue Band lililojaa chumvi? Windows husoma karatasi tu: ikiona .doc inaita Word, ikiona .mp3 inaita kicheza muziki, bila kuonja kilichomo.

Utata huu ni wa zamani. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, jina la faili lilipewa nafasi 8 na kiendelezi nafasi 3, basi. Ukichukua herufi 26 na tarakimu 10, unapata viendelezi 46,656. Vingeweza kutosha, ila hakuna ofisi inayovigawa wala kuvisajili, na kila mtengenezaji wa programu hupenda vile vinavyotamkika: dat kwa data, bin kwa chochote, pub, key, doc. Ndiyo maana .dat moja huwa kiambatisho cha barua pepe, nyingine mkanda wa taarabu, nyingine orodha ya walioingia kazini asubuhi.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha jina unaloliona ndilo jina lote. Windows inapotoka kiwandani huficha viendelezi inavyovijua. Kwenye Windows 10 fungua folda yoyote, bofya View, kisha weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 11 ni View, halafu Show, halafu hiyo hiyo. Usipofanya hivyo, anayelibadilisha jina "barua" kuwa "barua.pdf" hupata barua.pdf.docx bila kujua, kisha analaumu faili. Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa mlango huu huu: kiambatisho kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ikaificha .vbs, inayotaja programu ya kujiendesha, watu wakadhani wanafungua barua ya maandishi matupu.

Sasa kuchungulia. Aina nyingi za mafaili huanza na alama yake maalumu ndani kabisa, katika baiti za mwanzo, yaani zile chembe ndogo zinazounda faili, na alama hiyo haibadiliki hata ukilibadilisha jina mara mia. Tengeneza nakala ya faili kwanza. Fungua Notepad ikiwa tupu, kisha liburute faili ulidondoshe ndani yake. Utaona takataka nyingi. Usijali, wewe soma herufi za mstari wa kwanza tu, kisha funga. Ukiulizwa kama unataka kuhifadhi, kataa. Hapa ndipo wengi wanapoliua faili: Notepad ikihifadhi picha au PDF kama maandishi, baadhi ya baiti hubadilishwa na hakuna njia ya kuzirudisha. Mafaili makubwa, tuseme video, yataigandisha Notepad. Kwa hayo tumia HxD, programu ya bure ya kuonyesha baiti za faili, au fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, ndani ya folda lilimo faili na uandike:

Format-Hex faili.dat | Select-Object -First 2

Mwenye Linux au Mac ana raha zaidi. Amri ya file, iliyokuwamo kwenye Unix tangu 1973, humfanyia kazi yote: file winmail.dat, na jibu linakuja kwa neno moja au sentensi moja. Kwenye Windows kuna TrID inayofanya kazi kama hiyo, na DROID, programu ya bure ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, inayofaa ofisi yenye maelfu ya mafaili ya zamani kwenye diski moja.

Alama za kukariri si nyingi. %PDF ni PDF, na wala si lazima iwe mwanzo kabisa. Ikiwa ndani ya baiti 1,024 za mwanzo, visomaji vingi vinaikubali. ÿØÿ, na karibu yake neno JFIF au Exif, ni picha ya JPEG. ‰PNG inajieleza. Rar! na 7z ni mafurushi yaliyobanwa. OggS, na mbele kidogo OpusHead, ni sauti ya WhatsApp. ID3 ni MP3. Neno ftyp likitokea baada ya baiti 4 ni jamii ya MP4, na herufi zinazolifuata ndizo zinazotaja ukoo: isom au mp42 ni video, M4A ni sauti, 3gp ni video ya simu za zamani, heic ni picha ya iPhone. RIFF ni bahasha tu. Ruka baiti 4 usome kilichoandikwa baadaye: WAVE, AVI, WEBP, CDXA. Na MZ ni programu ya Windows. Ukikuta MZ ndani ya kitu ulichoambiwa ni ankara, funga, futa, mjulishe aliyekutumia kwamba huenda akaunti yake imeingiliwa.

Turudi kwenye .dat, maana ndiyo inayoletwa sana.

Ikiwa jina ni winmail.dat, au faili linaanza na xŸ>" (kwa heksadesimali, yaani baiti zikiandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, ni 78 9F 3E 22), hilo limetoka kwenye Outlook. Aliyetuma aliandika barua kwa mtindo unaoitwa Rich Text, na Outlook ikafunga viambatisho vyote pamoja na mapambo ya barua ndani ya furushi moja linaloeleweka na Outlook mwenzake tu. Kulibadilisha jina kuwa .pdf hakusaidii kitu: PDF imo, lakini imo katikati, imezungukwa na mambo mengine. Kwenye Linux, amri ya tnef winmail.dat huzitoa nyaraka zote na kuziweka kwenye folda. Kwenye Windows ipo Winmail Opener, na kwenye Mac ipo TNEF's Enough. Lakini tazama ukubwa kwanza. Winmail.dat ya KB 3 haina skani ya hati ya kiwanja ndani yake hata ukiisali usiku kucha. Ina mapambo ya barua tu, na aliyetuma alisahau kuambatisha.

Dawa hasa iko kwa mtumaji. Kwenye Outlook ya kompyuta aende File, Options, Mail. Sehemu ya Compose messages achague HTML. Ashuke chini mpaka palipoandikwa kuhusu kutuma Rich Text kwa wapokeaji wa intaneti, achague Convert to HTML format. Akifanya hivyo na bado mpokeaji mmoja tu analalamika, basi Outlook imeikariri anwani ya mtu huyo pamoja na mtindo wa zamani. Aanze kuandika anwani hiyo, orodha ya mapendekezo ikitokea aifute kwa alama ya X iliyo pembeni yake, kisha aiandike upya yote. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ofisi nyingi huishi na tatizo miaka.

.dat ya pili ni ya VCD. Wenye makasha ya filamu za Kibongo, kaswida, taarabu na mikanda ya harusi za zamani wanaijua: ukiingiza diski kwenye kompyuta unakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake AVSEQ01.DAT. Hiyo ni video ya MPEG-1, picha ya nukta 352 kwa 288 kwa mfumo wa PAL, iliyofungwa kwenye bahasha ya RIFF yenye neno CDXA. VLC huicheza moja kwa moja bila kuibadilisha chochote.

Kwa hili, ule ushauri wa kubadilisha jina una ukweli nusu. Ukiandika .mpg, vichezaji vingine vitaicheza na vingine vitakwaruza sauti au kukataa. Sababu ni hii: diski imegawanywa katika vipande vya baiti 2,352, na video yenyewe huchukua 2,324 kati ya hizo. Baiti 28 zinazobaki katika kila kipande ni za kuongoza mashine ya kusomea, na unaponakili kwa Windows huja nazo. Kichezaji kivumilivu huziruka. Kisicho kivumilivu hujikwaa kila kipande. Kupata faili safi tumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri, uandike:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c copy harusi.mpg

Hapo video haibanwi upya, kwa hiyo haipotezi ubora, na kazi huisha kwa dakika chache. Kwenye Linux, kunakili AVSEQ01.DAT kwa njia ya kawaida huleta kosa la kusoma hata diski ikiwa nzima, kwa sababu mfumo unatarajia vipande vya baiti 2,048. Tumia vcdxrip iliyomo kwenye VCDImager. Na diski ikiwa na mikwaruzo, jueni kwamba sehemu ya video ya VCD haina ile kinga ya ziada ya kusahihisha makosa ambayo mafaili ya kawaida kwenye CD yanayo. Waliotengeneza VCD waliiondoa ili dakika 74 zienee. Ndiyo maana VCD iliyokwaruzwa huonyesha vile viraka vya mraba, na kunakili hukwama palepale. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha, ujaribu kwa kiendesha diski kingine, tena cha zamani kama kipo. Kisha nakili sasa. Kesho haitakuwa nzuri kuliko leo.

.dat ya tatu hutoka kwenye mashine za mahudhurio za alama za vidole, zilizojaa sasa mashuleni na maofisini. Ukichomeka flashi na kutoa kumbukumbu, unapata faili lenye jina linaloishia attlog.dat. Hilo ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad uone namba ya mfanyakazi, tarehe na saa, kisha namba ndogo ndogo, zote zikitenganishwa na tab. Kulipeleka Excel, usilibofye mara mbili. Fungua Excel kwanza, nenda Data, chagua From Text/CSV, kwenye dirisha la kuchagua mafaili ruhusu All Files, halafu kitenganishi chagua Tab. Hakuna programu ya kununua hapo.

Ya nne ni NTUSER.DAT, imefichwa kwenye folda ya mtumiaji wa Windows. Inaanza na regf. Hiyo ina mipangilio yako yote, iache ilipo. Anayeifuta "kupunguza uzito wa kompyuta" huwasha mashine kesho yake akakuta kama imenunuliwa upya.

Jamii ya Office ina utata wake, na hapa ndipo tunaona fedha za watu zinapotea. Mafaili ya zamani ya Word, Excel, PowerPoint na hata Publisher huanza yote na alama moja: D0 CF 11 E0, ambayo kwenye Notepad huonekana kama ÐÏ. (Anayezoea heksadesimali ataisoma DOCFILE0, waliobuni walijifurahisha.) Kwa hiyo alama hiyo hukwambia ukoo, haikwambii mtu. Kujua ni nani, tafuta ndani kwa HxD maneno WordDocument, Workbook au PowerPoint Document, na unapotafuta chagua maandishi ya Unicode, kwa sababu kila herufi imefuatwa na sifuri.

Mapya, yaani .docx, .xlsx na .pptx, huanza na PK, kwa sababu ndani yake ni ZIP. Herufi hizo ni za Phil Katz aliyebuni muundo huo. PK nayo ni ukoo mkubwa. Chukua nakala, ipe jina linaloishia .zip, ifungue, utazame folda. Ukiona word ni hati ya Word. Ukiona xl ni Excel, ppt ni PowerPoint. Ukiona faili liitwalo mimetype mwanzoni kabisa ni kitabu cha EPUB au hati ya LibreOffice, na lenyewe limeandika ni kipi. Ukiona AndroidManifest.xml na classes.dex, hiyo ni programu ya simu, APK, hata kama uliletewa kwa jina la kadi ya mwaliko wa harusi. Usiisakinishe.

Kuna mtego mmoja humu unaowashinda hata mafundi. Hati ya .docx au .xlsx iliyowekewa nenosiri haianzi na PK. Huanza na D0 CF, kama ya zamani, kwa sababu Office huifunga ile ZIP ndani ya kasha la kale na kuandika EncryptedPackage. Fundi akiona D0 CF, anasema "hili ni la zamani, andika .doc", Word inakataa, na mteja anaambiwa faili limekufa. Halijakufa. Rudisha .docx, fungua kwa Word ya kompyuta, itakuuliza nenosiri.

Halafu kuna .xls za uongo. Mifumo mingi ya shule, ya benki na ya maduka, unapobonyeza kitufe cha kutoa ripoti ya Excel, hutoa ukurasa wa HTML au mistari iliyotenganishwa kwa mikato na kuubandika jina .xls. Excel hufungua, ila kwanza inaonya kwamba muundo na kiendelezi havilingani. Kwenye simu, au ukilipandisha kwenye mfumo mwingine, hukataliwa. Lidondoshe kwenye Notepad. Likianza na <html au <table, lifungue kwa Excel kisha Save As, Excel Workbook. Hapo ndipo linakuwa Excel kweli. Likiwa mistari yenye mikato, ni CSV, nalo lina ajali zake mbili.

Ya kwanza ni namba. Excel ikifungua CSV kwa kubofya mara mbili, hudhani kila kinachofanana na namba ni namba ya kuhesabia. Sifuri ya mwanzo ya simu ya 07 huondoka. Mbaya zaidi, Excel hushika tarakimu 15 tu za namba moja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikiwa imeandikwa bila vistari, Excel itaonyesha kitu chenye E+19, na ukihifadhi, tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri, moja kwa moja. Hakuna atakayezirudisha isipokuwa aliye na faili la awali. Ikiandikwa na vistari vyake huchukuliwa kama maandishi na inasalimika. Kwa hiyo orodha ya wanachama wa chama cha akiba iingizwe kwa Data, From Text/CSV, bofya Transform Data, na safu za simu na NIDA ziwekwe aina ya Text kabla ya kupakia.

Ya pili ni ya kuchekesha, ila imepoteza muda wa watu wazima. Ikiwa herufi mbili za kwanza kabisa za CSV ni ID kwa herufi kubwa, yaani safu ya kwanza umeipa kichwa ID, matoleo mengi ya Excel yanadhani hilo ni faili la SYLK, muundo wa kale ambao nao huanza na ID, na yanatoa onyo la kutisha. Faili halina ubaya wowote. Fungua kwa Notepad, andika id kwa herufi ndogo, hifadhi. Hapa, na hapa tu, Notepad inaruhusiwa kuhifadhi, kwa kuwa CSV ni maandishi.

Wachapaji wa mabango na kadi wanakutana na .cdr. Ya CorelDRAW za zamani huanza na RIFF na baadaye CDR. Kuanzia toleo la X4 huanza na PK, kwa kuwa ni ZIP. Ikikataa kufunguka kwenye Corel ya dukani, kwa kawaida faili ni zima na programu ndiyo ya zamani. Mwambie mteja arudi kwa msanii wake, achague Save As, na kwenye orodha ya matoleo ateremke mpaka toleo ulilo nalo. LibreOffice Draw hufungua .cdr nyingi, na .pub za Publisher pia. Hilo la Publisher ni la kushughulikia mapema, maana Microsoft wametangaza kuisitisha Oktoba 2026. Lakini .pub inayoanza na ssh-rsa au ssh-ed25519 haina picha wala kadi. Ni ufunguo wa seva, wa mtu wa IT. Na .ts iliyotoka kwenye king'amuzi kwa flashi ni video, huanza na herufi G inayorudi kila baada ya baiti 188, VLC huicheza. Isipocheza, king'amuzi kimeifunga kwa siri yake na itachezwa kwenye king'amuzi hicho tu. .ts yenye maneno import na const ni ya mwandishi wa programu.

Lini basi kubadilisha jina kunafaa? Pale ambapo umeshachungulia na karatasi tu ndiyo imekosewa. .jfif ni JPEG halisi, iandike .jpg na tovuti ya maombi ya kazi itaipokea. Nyaraka za WhatsApp zinazofika na majina kama DOC-20240105-WA0003 bila kitu baada yake zinahitaji kiendelezi sahihi tu: ukiona %PDF, ongeza .pdf. ATT00001.bin kwenye barua pepe ni hivyo hivyo; .bin huwa na maana kwamba seva haikusema ni aina gani. Lakini picha ya iPhone, .heic, ukiiandika .jpg inabaki heic. Simu yako itaionyesha, kwa sababu simu huchungulia ndani. Tovuti ya kupokea maombi itaitupa, tena bila kueleza. Hiyo inahitaji kugeuzwa kweli: ifungue kwa programu ya picha, uihifadhi upya kama JPEG. Kwa picha zijazo, kwenye iPhone nenda Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible.

Na yapo mafaili ambayo hakuna jina litakaloyafufua. Lenye ukubwa wa baiti 0 halina kitu. Lenye 00 00 00 mwanzo hadi mwisho lilinakiliwa vibaya, mara nyingi flashi ilichomolewa kabla ya kuambiwa itoke. Rudi kwenye chanzo. "PDF" ya KB 12 inayoanza na <!DOCTYPE html ni ukurasa wa kuingia kwenye tovuti: muda wako wa kuwa ndani uliisha, ukapakua mlango badala ya hati. Ingia upya, pakua tena.

Kuna hila moja ambayo hata kuonyesha viendelezi hakuizuii. Alama ya Unicode isiyoonekana, U+202E, hugeuza mwelekeo wa maandishi yanayoifuata. Faili ambalo kweli linaishia fdp.exe, likiwekewa alama hiyo baada ya neno malipo, litaonekana kwenye skrini malipoexe.pdf. Jina linasomeka PDF, ila safu ya Type kwenye folda itasema Application. Soma safu hiyo kila unapoletewa kitu kutoka usikokujua, na ukikuta neno exe limekaa katikati ya jina, usibofye.

Tuseme pia kuhusu zile tovuti za "fungua faili lolote bure". Unapopandisha faili huko, nakala inabaki kwa watu usiowajua. Kwa bango la harusi hakuna neno. Kwa taarifa ya benki, cheti cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho, hapana. Na kwa kuwa hujui faili lina nini mpaka lifunguke, lichungulie kwanza kwenye mashine yako.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa teknolojia ukipata nafasi, chapisheni kwenye kisanduku alama hizi nane tu: %PDF, PK, ÐÏ, ÿØÿ, ftyp, RIFF, xŸ>" na MZ, kwa maandishi makubwa ya kukatwa na mkasi, ili wenye stesheneri wabandike juu ya kompyuta ya kuprintia.

Ni sisi wasomaji wako,
Mafundi wa kompyuta, Kariakoo,
Dar es Salaam